Red Ensign (filamu ya 1934)

Red Ensign ni filamu ya Uingereza iliyoongozwa na Michael Powell na kutolewa mwaka 1934. Jina lake linatokana na bendera nyekundu ya meli za biashara za nchi hiyo. Ni filamu ya nyeusi na nyeupe, ya dakika 69 hivi.

Usuli. Filamu za Hollywood zilikuwa zimetawala kumbi za Uingereza. Sheria ya Filamu ya 1927 ikawataka wasambazaji na wenye kumbi wachukue sehemu maalumu ya filamu za nyumbani, sehemu iliyopanda hatua kwa hatua hadi asilimia 20. Ili kutimiza mgao huo, wasambazaji waliagiza filamu za haraka na za bei ya chini, mara nyingi kwa pauni 1 kwa kila futi ya mkanda. Filamu ya saa moja hivi iligharimu takribani pauni 6,000. Katika filamu hizo za haraka Powell alijifunza kazi: kati ya 1931 na 1936 aliongoza filamu zaidi ya 20. Red Ensign ni mojawapo ya nne alizoifanyia kampuni ya Gaumont-British pamoja na mtayarishaji Jerome Jackson. Mfuko wake ulikuwa afadhali kidogo, lakini bado mwembamba.

Hadithi. David Barr (Leslie Banks), mkuu wa kiwanda cha kuunda meli mjini Glasgow, anataka kuunda meli za aina mpya wakati biashara imelala. Bodi inamkatalia fedha, naye mshindani wake anamhujumu. Barr anaghushi sahihi ya mjumbe wa bodi, Lord Dean (Frank Vosper), na kosa hilo linamfikisha gerezani.

Mazingira na maana. Kisa hicho hakikuwa mbali na hali halisi. Kwenye mto Clyde, ujenzi wa meli iliyokuja kuitwa Queen Mary ulisimama kuanzia Desemba 1931 hadi Aprili 1934, na maelfu ya mafundi wakakosa kazi. Tena, kiwanda cha Barr kinafanana na tasnia ya filamu iliyomzaa mhusika huyo: vyote viwili vilibanwa na ushindani, vikihitaji mtu wa kuthubutu na fedha za kumwezesha. Mgao uliwapa watengenezaji filamu soko, lakini si fedha za kutosha. Kasoro hiyo ndiyo iliyoguswa na sheria ya 1938, iliyoweka kima cha chini cha gharama kwa filamu za mgao.