Kifafa Kinataka Shahidi Mwenye Macho

Binamu yangu alianguka mara ya kwanza akiwa kidato cha pili. Shosho akasema ni majini. Shule ikasema anaigiza. Hospitali ikampima mawimbi ya ubongo nusu saa, ikasema ako sawa. Majibu matatu, na kati yao hakuna aliyekuwa amemwona akianguka!

Hii shida ni ya zamani, wasee. Hans Berger, daktari wa Jena kule Ujerumani, alinasa umeme wa ubongo wa binadamu 1924. Alingoja miaka mitano ndio akachapisha, na bado wengi wakamtilia shaka hadi watafiti wa Cambridge waliporudia jaribio lake 1934. Mwaka uliofuata, huko Boston, Frederic Gibbs, mkewe Erna na mwenzao William Lennox wakaonyesha kitu kizito: mtoto anaduwaa sekunde chache, macho wazi, na ubongo wake unachora mawimbi matatu kila sekunde. Mwalimu anadhani hasikilizi. Kumbe ni kifafa.

Lakini mistari kwenye karatasi haikuambii mwili ulikuwa unafanya nini. Madaktari walijaribu filamu za sinema, ila filamu inaisha upesi na kifafa hakipigi hodi. Mkanda wa video ndio ulisaidia. Mwaka wa 1975 Kiffin Penry na wenzake, Marekani, walichapisha uchambuzi wa vipindi 374 vya kuduwaa kutoka kwa wagonjwa 48, video na mawimbi vikienda sambamba. Ikaonekana wengi hawaduwai tu: kope zinapepesa, midomo inatafuna.

Ndio maana mimi nasema kamera ni nusu ya kipimo. Kuna watu wanaanguka na kutetemeka kabisa, na ubongo hauonyeshi umeme wa kifafa hata kidogo. Hawaigizi, ni wagonjwa kweli, ila dawa za kifafa haziwasaidii. Bila video unaweza kuwameza-meza tembe miaka mingi bure. Na kipimo cha nusu saa kikitoka safi? Pengine hakuna kilichotokea hiyo nusu saa, basi.

Shangazi alimrekodi na simu. Daktari mwingine akaitazama mara mbili, akataka alazwe chini ya kamera, waya kichwani, usiku na mchana. Tukachanga. Usiku wa pili, saa tisa, akashikwa, na mawimbi yakapanda pamoja naye. Kifafa.

Shosho bado anasema ni majini, lakini saa mbili usiku yeye ndiye anamkumbusha tembe.