Mzigo Uliofika Bagamoyo

Sisi tunaoishi Zinga huenda Bagamoyo mjini mara kwa mara, na wengi wetu tumesimuliwa asili ya jina lile: bwaga moyo. Wapo wasemao ni neno la mtumwa, aliyeuacha moyo wake ufukoni kabla ya kupakiwa jahazini. Wengine husema ni neno la mpagazi, aliyetua mzigo na kupumua baada ya safari ya miezi. Jina ni moja, lakini la kwanza ni kukata tamaa na la pili ni kumaliza kazi.

Tarehe 1 Mei 1873 Daktari David Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, ndani ya Zambia ya leo. Waliobaki naye walikuwa Waafrika watupu, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma. Chuma alikuwa ameokolewa katika msafara wa watumwa mwaka 1861. Mwenzao Jacob Wainwright naye aliwahi kuwa mtumwa, kisha akasomeshwa Nasik, India.

Njia rahisi ilikuwa wazi: wamzike, wagawane bidhaa, kila mtu ashike njia yake. Tena kupita na maiti katika nchi za watu kulikuwa hatari. Wakashauriana, wakakubali kumpeleka pwani. Moyo waliuzika chini ya mti, Wainwright akasoma ibada. Mwili wakaukausha kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa nguo na magome.

Walitembea miezi kama tisa, zaidi ya kilomita 1,600. Mwanzoni tu ugonjwa uliwaangusha wengi, wakakwama kwa siku nyingi. Huko Unyanyembe, karibu na Tabora, afisa Mwingereza Verney Lovett Cameron aliwashauri wamzike hapo. Wakakataa. Mbele zaidi wenyeji walipozuia maiti isipite, walijifanya wameirudisha, kisha wakaufunga mwili upya kama robota la nguo, wakaendelea. Februari 1874 wakaingia Bagamoyo, wakapokewa na misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, ambayo nayo ilikuwa imebomolewa na kimbunga cha mwaka 1872 na kuanza tena.

Malipo yao yalikuwa nini? Walipewa ujira, wakaambiwa kazi imekwisha. Wainwright peke yake ndiye aliyesafiri na jeneza, akawa miongoni mwa wachukuzi wake katika Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, maziko yamekwisha.

Hatuyakumbuki haya ili kumtukuza mzungu. Tunawakumbuka waliombeba. Susi hakuwa hata amebatizwa. Alibatizwa Zanzibar mwaka 1886. Hilo litunyenyekeze sisi tunaodhani uaminifu hupatikana ndani ya kuta za kanisa tu. Na kwetu Walutheri ni somo la wito: Mungu humtumikia jirani kwa mikono yetu, katika kazi iliyo mbele yetu leo, hata isiyo na sifa.

Tunajua jinsi kukata tamaa kunavyokuja hapa kwetu. Tangu mwaka 2013 tumesikia habari za bandari kubwa. Wapo waliosita kupanda minazi, wasijue kama shamba litabaki lao. Wapo vijana wanaokaa vijiweni wakisema hakuna la kufanya mpaka mambo yaeleweke. Hatuwalaumu, kungoja kunachosha. Lakini watu wale hawakungoja njia iwe salama ndipo wabebe. Walibeba kwa zamu, mmoja akichoka mwingine akipokea bega.

Basi nasi tupokezane. Tupande msimu huu, tumlipie ada mtoto wa jirani aliyefiwa, tukae na mgonjwa usiku. Huenda hatutaalikwa siku ya sherehe. Ila mzigo wa mwenzetu utakuwa umefika, nasi tutabwaga moyo kama wapagazi, mbele za Bwana aliyetutuma.