Homa ya Bonde la Ufa na Maarifa ya Wafugaji



Katika nchi yetu ya Garissa mvua ni baraka, lakini mvua iliyopita kiasi imekwisha kutuletea msiba. Kwa hiyo yafaa habari za homa ya Bonde la Ufa ziandikwe katika kitabu hiki cha mwaka, ili vijana wa Galbet wajue jinsi ugonjwa huu ulivyochunguzwa, na ni nani waliochangia kuufahamu.

Ugonjwa huu ulielezwa kwanza mwaka 1931 na mabwana Daubney, Hudson na Garnham, baada ya kondoo wengi kufa shambani karibu na ziwa Naivasha. Baadaye wataalamu waligundua kuwa virusi vyake hukaa ndani ya mayai ya aina fulani za mbu. Mayai hayo huweza kulala miaka mingi katika udongo mkavu. Mafuriko yajapo huanguliwa, na mbu huambukiza mifugo. Watu wengi huupata kwa kugusa damu ya mnyama mgonjwa, au mimba aliyoitupa.

Mwishoni mwa mwaka 1997 mvua kubwa ziligharikisha nchi, na maradhi yakafuata. Wachunguzi walikadiria kwamba katika Wilaya ya Garissa watu 27,500 waliambukizwa.

Mwaka 2006, wakati wa utulivu, waganga wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani, pamoja na wenzao wa Kenya, waliwapima watu 248 huko Ijara, kusini mwa mji wetu, katika kijiji cha Gumarey na mji mdogo wa Sogan-Godud. Walikuta alama za virusi katika damu ya watu 13 katika kila mia. Alama hizo zilizidi kwa wenye umri mkubwa, kwa wanaume, kwa watu wa kijijini, na kwa waliopata kutupa mimba za mifugo zilizoharibika. Tena, wenye alama hizo walionekana zaidi kuwa na kasoro ya macho. Hilo ni onyo kwamba homa yaweza kwisha, na dhara likabaki machoni.

Desemba ya mwaka ule ule maradhi yalizuka tena Garissa. Kufikia Machi 2007, Kenya ilihesabu wagonjwa 684, na 155 kati yao walifariki.

Wataalamu wa mifugo walipowahoji wafugaji wa Kisomali baadaye, walikuta kwamba wanaujua ugonjwa huu kwa jina la sandik, yaani damu ya puani. Wafugaji walikuwa wameziona mvua, wingi wa mbu na mimba kutoka, na walikuwa wameitambua hatari vizuri kuliko maofisa wa mifugo. Mifugo iliugua kwanza, watu wakafuata baada ya wiki mbili na zaidi. Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 2010.

Basi historia hii yatufundisha kwamba elimu ya chuo kikuu na elimu ya malishoni zahitajiana. Mchunguzi akija kuomba damu yetu, tumpokee, nasi tumdai arudi kutueleza alichokiona. Na mzee aonapo kondoo wakitupa mimba baada ya mafuriko, asingoje: apeleke habari kwa chifu na kwa ofisa wa mifugo siku ile ile, na watu wasiguse mimba hizo kwa mikono mitupu. Zile wiki mbili ndizo nafasi yetu ya kuokoa maisha.