Kusasisha Windows na usalama wako kafe: mambo ya kujua

Kuna swali ninaulizwa kila wiki: "Mkuu, hizi apdeti za Windows zina faida gani zaidi ya kumaliza bando?" Nimeona niliweke jibu hapa mara moja, mwenye shida nalo alisome au achape ampe mwenzake.

SASISHO NI NINI?
Windows ni programu kubwa iliyoandikwa na binadamu, kwa hiyo ina matundu. Tundu likigunduliwa, Microsoft wanatoa kiraka. Hicho kiraka ndiyo sasisho, au apdeti kwa lugha ya mtaani. Tangu Oktoba 2003 viraka vya usalama hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi. Kwa saa za Afrika Mashariki ni saa 2 au saa 3 usiku. Likitokea la dharura, hawasubiri Jumanne.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo wengi tunapopigwa bao. Kiraka kikitoka, wezi nao wanakichukua. Wanalinganisha faili la zamani na jipya, wanajua tundu lilikuwa wapi, halafu wanaanza kuwatafuta wale ambao hawajaziba. Yaani kila unapobonyeza "baadaye", unawaongezea muda.

MFANO HAI: WANNACRY
Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft walitoa kiraka kinachoitwa MS17-010. Mwezi uliofuata, kundi linalojiita Shadow Brokers likamwaga hadharani zana ya kuingilia kwenye tundu lile lile. Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017, kirusi cha WannaCry kikalipuka. Kilifunga mafaili ya watu na kudai dola 300 kwa bitcoin, na ukichelewa bei inapanda. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 ziliingiliwa. Uingereza, hospitali za umma ziliahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa.

Pigeni hesabu wenyewe: kiraka kilikuwepo siku 59 kabla ya balaa, tena bure. Na WannaCry hakikusubiri mtu abonyeze kitu. Kiliruka chenyewe toka mashine hadi mashine. Kwenye kafe yenye mashine 20 zilizounganishwa pamoja, moja tu isiyo na kiraka inatosha kukiingiza ndani.

KAMA KOMPYUTA NI YAKO
1. Jua una Windows gani. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, gonga Enter.
2. Windows 7 iliachwa 14 Januari 2020. Windows 10 nayo iliacha kupata viraka vya kawaida vya bure 14 Oktoba 2025. Mashine itaendelea kuwaka, lakini matundu mapya yatabaki wazi. Kama mashine yako haina nguvu ya kubeba Windows 11, Linux Mint au Ubuntu ni bure na zinapata viraka.
3. Kama bando ndiyo tatizo, usizime sasisho moja kwa moja. Weka mtandao wako kama wa kulipia kwa kipimo. Windows itapunguza inachopakua. Halafu mara moja kwa mwezi, baada ya ile Jumanne, tafuta Wi-Fi ya chuo au ya kazini umalize kazi.
4. Jihadhari na Windows iliyochakachuliwa. Fundi akikupigia Windows, muulize: sasisho umeziacha wazi au umezima? Programu inayokuambia zima kwanza antivairasi ndipo uifungue, hiyo ikimbie.

KAMA UKO KAFE
Hapa viraka haviko mikononi mwako, ni vya mwenye kafe. Na hata mashine ikiwa na viraka vyote, mtu anaweza kuwa ameweka programu inayorekodi kila herufi unayoandika. Dirisha la siri la brauza halizuii hilo. Linachofanya ni kutobakisha historia yako tu. Kwa hiyo kilichobaki ni tabia zako:

- Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe. Mwizi akipata neno la siri tu, hatoshi kuingia.
- Usitumie neno moja la siri kwa kila kitu. Barua pepe iwe na lake peke yake, maana kwa kutumia hiyo mtu anabadilisha mengine yote.
- Brauza ikiuliza kama ihifadhi neno la siri, kataa. Ukimaliza, toka kwenye akaunti. Kufunga dirisha peke yake hakutoshi.
- Ulichopakua kifute, halafu kifute tena kwenye pipa la taka. Cheti cha kidato cha nne na nakala ya kitambulisho si vitu vya kumwachia anayekuja baada yako.
- Ukirudi kwenye simu yako, ingia Gmail uone vifaa vilivyo wazi. Usichokitambua kiondoe, kisha badilisha neno la siri.
- Flashi ikionyesha mafolda yamegeuka njia za mkato, usibonyeze. Mara nyingi mafaili yamefichwa tu, hayajafutwa. Ipitishe antivairasi kwenye mashine unayoiamini. Na faili linaloishia .pdf.exe si PDF, ni programu.

Nasisitiza kwa sababu vijana wengi wanaombea mkopo wa chuo na ajira kwenye mashine za kafe. Barua pepe ikiibwa katikati ya maombi, mwizi anasoma majibu kabla yako, na dirisha la maombi halikusubiri. Hiyo inaweza kuwa mwaka mzima umepotea.

Wenye kafe mnaosoma hapa: Windows 10 na 11 zinaweza kugawana sasisho ndani ya mtandao wenu, mashine moja ikipakua nyingine zinachukua kwake. Bando linapona, wateja wanapona.

Nawasilisha. Mwenye swali au nyongeza, uwanja ni wenu.