Mambo Msiige na makarani wake

Chumba cha nyumba kongwe ya Unguja hupimwa kwa boriti. Mti wa mkoko unaofaa kubeba sakafu ya mawe na chokaa hauvuki sana mita 3, basi fundi anaweza kukirefusha chumba atakavyo, lakini kukipanua hawezi. Ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba, na ndiyo maana kila aliyehamia humo baadaye na meza zake na majalada yake alilazimika kuvipanga kwa mstari.

Balozi wa kwanza wa Uingereza, Atkins Hamerton, alifika Unguja mwaka 1841 akapewa nyumba ya aina hiyo pale Shangani, kando ya bahari. Wavumbuzi Burton, Speke na Grant walipita humo. Maiti ya mvumbuzi Livingstone, iliyobebwa na watumishi wake akina Chuma na Susi kutoka bara hadi Bagamoyo, ililazwa humo mwaka 1874 ikingoja meli. Mwaka huohuo ubalozi ukahama, na ile nyumba ya kwanza baadaye ikawa ofisi ya kampuni ya biashara ya Smith Mackenzie.

Ubalozi ulihamia mwendo mfupi tu, kwenye nyumba ya Mambo Msiige. Hii ilijengwa katikati ya karne ya 19 na tajiri wa Kiarabu, Salim bin Harith. Wenyeji husimulia kuwa aliamuru mayai yachanganywe kwenye chokaa, na kwa ufahari huo nyumba ikapata jina lake. Sina haja ya kubishana na hadithi hiyo, kwa sababu chokaa peke yake ni kazi ya kutosha. Matumbawe hupangwa juu ya rundo la magogo, yakachomwa hadi yakawa meupe na mepesi, yakamwagiwa maji, yakaachwa yatulie muda mrefu kabla ya kugusa ukuta. Ukuta uliojengwa hivyo hupumua: hunywa unyevu wa masika na kuutoa kiangazi. Unene wake unamtosha mtu kuketi dirishani na miguu ameikunja.

Kabla ya ubalozi, tangu 1864, wamisionari wa Kianglikana wa shirika la UMCA walikuwa wamepanga humo. Nadhani wageni hawa wote walizoea upesi, kwani nyumba ya tajiri wa Unguja tangu asili ilikuwa nusu ofisi. Chini kulikuwa na ghala na watu wa kazi, barazani wageni walipokewa na bei zikakubaliwa, na familia ikaishi juu, penye upepo. Karani alipoingia, ghala likawa masjala. Kilichotoweka ni maisha ya kule juu: jiko, vicheko vya wanawake, moshi wa udi jioni.

Mwaka 1913 Unguja ilitolewa mikononi mwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza ikatiwa chini ya Wizara ya Makoloni. Cheo cha balozi kikafutwa, akaja mwakilishi wa Uingereza aliyeitwa Resident, na Mambo Msiige ikakosa kazi yake. Baadaye ikawa hospitali ya Wazungu hadi 1924, kisha idara za serikali zikapokezana vyumba kwa miaka mingi.

Miaka hiyo ya ofisi ndiyo inayonisikitisha. Mwenye nyumba anayelala humo husikia tone la kwanza linapopenya dari usiku wa mvua, na asubuhi humwita fundi. Ofisi hufungwa alasiri. Maji yakifika kichwa cha boriti, pale inapoingia ukutani, mti huoza gizani. Na anayekuja kuziba ufa kwa saruji huuziba pia ule mlango wa pumzi, unyevu ukabaki ndani ukiila chokaa.

Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Mwaka 2015 Mambo Msiige ikafunguliwa upya, mara hii ikiwa sehemu ya hoteli kubwa iliyojengwa ubavuni mwake, baada ya mabishano makali kuhusu ukubwa wa jengo hilo jipya. Watu wanalala tena kule juu.