Siku 21: historia fupi ya likizo ya mtu aliyeajiriwa na kampuni ya kati

Leo sitaandika juu ya simu mpya wala lugha mpya ya programu. Nataka tuzungumze juu ya namba moja tu: 21. Hiyo ndiyo idadi ya siku za kazi ambazo sheria ya Kenya inampa mwajiriwa kila anapomaliza miezi 12, apumzike na mshahara wake kamili uingie. Karibu kila mtu amewahi kuisikia. Lakini zunguka mji huu uwaulize mabawabu wa lango, akina mama wanaosafisha ofisi usiku, na vijana wanaoandika programu kwa wateja wa ng'ambo. Wengi watakuambia kwamba siku hizo ni za watu wengine.

Hao wote wanafanana kwa jambo moja. Anayewapa kazi siye anayewalipa. Katikati kuna kampuni inayopokea pesa kutoka kwa mteja, inakata chake, inakata kodi na NSSF, kisha inampa mfanyakazi kilichobaki. Waingereza wanaiita kampuni ya mwavuli. Kwetu watu husema ajenti au kontrakta. Mimi nitaiita kampuni ya kati, maana hapo ndipo ilipokaa.

Swali langu ni la mtu wa kompyuta. Likizo ni hesabu, na kila hesabu ina kaunta. Je, kaunta hii inashikwa na nani, na inaanza kuhesabu lini? Ukifuata swali hilo nyuma utafika mbali kuliko unavyodhani.

Wakati wa kipande

Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika wa zaidi ya miaka 16 alipaswa kuwa na kipande: karatasi yenye jina lake, alama za vidole, mwajiri wake, mshahara, siku aliyoanza kazi na siku aliyoachiliwa. Kiliwekwa ndani ya kikebe cha chuma kilichovaliwa shingoni. Ukiondoka shambani kabla ya mzungu kutia sahihi, ulikuwa mtoro, na polisi walijua pa kukutafuta.

Hebu itazame kama mtu wa data. Serikali ya kikoloni ilijua siku ya kuingia na siku ya kutoka ya kila mfanyakazi aliyeandikishwa, kazi ambayo leo tungeifanyia hifadhidata. Lakini hakuna aliyeitumia rekodi hiyo kumwambia mtu kwamba sasa ametimiza mwaka, akapumzike. Kaunta ilikuwepo, nayo ilimhesabia mwajiri.

Pamoja na kipande kulikuwa na tikiti. Mtu alichukua tikiti ya siku 30 za kazi, kila siku aliyofanya kazi ikawekwa alama, na tikiti ikijaa akalipwa. Siku ambayo hakufika haikuwekwa alama. Tikiti ikijaa, unaanza nyingine kutoka sifuri. Kwa mtu wa tikiti hapakuwa na mwaka, kwa hiyo hapangeweza kuwa na likizo ya mwaka.

Mkumbuke hiyo tikiti ya siku 30, maana tutakutana nayo tena.

Namba inazaliwa

Duniani mambo yalianza kubadilika mwaka 1936, pale Shirika la Kazi la Kimataifa lilipopitisha mkataba namba 52 wa likizo yenye malipo: siku 6 za kazi baada ya mwaka mmoja. Uingereza wenyewe walitunga sheria yao ya likizo yenye malipo mwaka 1938. Huku kwetu hoja ya wakoloni ilikuwa kwamba Mwafrika ana shamba lake kijijini, kwa hiyo akirudi nyumbani ndiko kupumzika kwake, na mkewe ndiye atakayemlisha.

Hoja hiyo ilianza kupasuka Mombasa. Januari 1947 wafanyakazi wa bandari, reli na mahoteli waligoma pamoja, na kiongozi aliyejulikana zaidi katika vuguvugu hilo alikuwa Chege Kibachia. Bandari ilikuwa imejaa vibarua wa siku, na serikali ikaanza kuona kwamba mji wa watu wasio na ajira ya kudumu ni mji usiotulia. Kipande kilifutwa mwaka huohuo wa 1947, ingawa vitambulisho viliendelea. Mwaka 1954 kamati ya mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na F. W. Carpenter, ikapendekeza mshahara wa kumtosha mtu na familia yake, na mfanyakazi wa kudumu badala ya anayekuja na kuondoka.

Huko ndiko tulikotoa wazo la mwajiriwa wa mwaka mzima. Baada ya uhuru, Sheria ya Ajira ya 1976 iliandika siku 21 za kazi baada ya miezi 12 mfululizo. Mwaka 1979 Kenya iliridhia mkataba namba 132 wa Shirika la Kazi, unaotaka angalau wiki 3 za likizo. Sheria ya Ajira ya 2007, iliyoanza kutumika Juni 2008 na tunayoitumia hadi leo, ikaiweka namba ileile kwenye kifungu cha 28.

Kifungu chenyewe ukikiandika kama programu kinakuwa hivi:

kila mwezi ukiisha:
   miezi = miezi + 1
kazi ikikoma:
   kama miezi >= 2:
      likizo = miezi x 1.75

Piga hesabu: 1.75 mara 12 ni 21. Mtu akiondoka baada ya miezi 5 anadai siku 8.75. Ni programu safi. Tatizo ni mstari ambao watu wengine wanauongeza chini yake:

mkataba ukiisha:
   miezi = 0

Mkataba wa mwezi mmoja, unaandikwa upya kila mwezi. Miezi haifiki 2, na likizo inabaki sifuri milele. Sasa mmeiona ile tikiti ya siku 30? Imerudi, imevaa suti.

Waliotunga sheria ya 2007 walijua mchezo huu. Kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake ni mwezi au zaidi, au akipewa kazi isiyotarajiwa kumalizika ndani ya miezi 3, ajira yake inageuka kuwa ya mwezi. Akiendelea miezi 2 au zaidi tangu alipoanza, anastahili masharti ambayo angepata kama asingeanza kama kibarua. Na kifungu cha 3 kinamalizia: masharti ya sheria hii ni ya chini kabisa, na makubaliano yoyote ya kuyaacha ni batili. Hata ukitia sahihi.

Basi kwa nini bado tunazungumza? Kwa sababu ya kampuni ya kati. Sheria inasema "miezi mfululizo kwa mwajiri wake". Mteja akibadilisha kampuni ya kati kila zabuni inapoisha, bawabu anabaki kwenye lango lilelile, kwa kiti kilekile, lakini kwenye karatasi ana mwajiri mpya. Hakuna aliyeandika miezi = 0. Wamebadilisha mashine tu, na kaunta ikabaki kwenye mashine ya zamani.

Kampuni moja ya namna hiyo iliwahi kuniomba niiandikie programu ya mishahara. Kwenye orodha ya mahitaji kulikuwa na mstari mmoja: mkataba ukifika mwisho, salio la likizo lifutwe. Nikauliza pesa za siku hizo zinakwenda wapi. Nikajibiwa kwamba zimeshajumlishwa ndani ya mshahara. Nilipolifungua jedwali, safu ya likizo haikuwepo. Kazi hiyo sikuichukua.

Waingereza na asilimia 12.07

Jibu hilo la "imo ndani ya mshahara" si geni. Uingereza kampuni za mwavuli ziliongezeka baada ya Aprili 2000, kanuni ya kodi iitwayo IR35 ilipowabana makandarasi, wengi wao wakiwa watu wa kompyuta kama sisi. Badala ya kumlipa mtu anapopumzika, walijumlisha kidogo kidogo kwenye kila malipo. Mwaka 2006, katika kesi ya Robinson-Steele, Mahakama ya Ulaya ilisema hapana: mtu lazima alipwe wakati wa likizo, la sivyo ataogopa kupumzika. Mazoea hayo yaliendelea hata hivyo, na kwa miaka ya likizo inayoanza Aprili 2024 sheria ya huko ikayaruhusu tena kwa wenye saa zisizo za kawaida na wa kazi za msimu, kwa asilimia 12.07, mradi ionekane wazi kwenye karatasi ya mshahara.

Asilimia hiyo inatoka wapi? Likizo ni wiki 5.6. Mwaka una wiki 52, ukitoa 5.6 zinabaki 46.4 za kazi. Gawanya 5.6 kwa 46.4.

Tufanye yetu. Mtu wa siku 6 kwa wiki ana siku 312 kwa mwaka. Ukitoa 21 zinabaki 291, na 21 kwa 291 ni asilimia 7.2. Mtu wa siku 5 kwa wiki: 21 kwa 239, karibu asilimia 8.8. Kwa hiyo mtu akikuambia likizo yako imo ndani ya mshahara, una namba ya kumuuliza nayo. Tuseme mshahara wa siku ni shilingi 700. Siku 21 ni shilingi 14,700 kila mwaka. Kwa mabawabu 100 ni shilingi 1,470,000. Hiyo ndiyo thamani ya ule mstari mmoja wa programu.

Mwajiri ni nani hasa?

Mahakama zetu zimeanza kuchungulia nyuma ya kampuni ya kati. Mwaka 2013, katika kesi ya Wrigley, Jaji James Rika alikubali kwamba mwenye kampuni anaweza kuikabidhi kazi kampuni nyingine, lakini si kwa lengo la kukimbia haki ambazo wafanyakazi wamekwisha kuzichuma.

Kisha ikaja kesi ya sekta yetu. Kampuni ya Sama jijini Nairobi iliajiri watu wa kuchuja picha na maneno mabaya ya Facebook. Mwaka 2023 wafanyakazi zaidi ya 180 walikwenda mahakamani baada ya kazi hiyo kusitishwa. Meta ilisema haikuwaajiri. Juni mwaka huo, katika uamuzi wa muda, Jaji Byram Ongaya, ambaye aliwahi kuketi katika mahakama ya kazi hapa Nyeri, aliiona Meta kuwa ndiye mwajiri: kazi ilikuwa yake, na mitambo ya kazi ilikuwa yake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema Meta inaweza kushtakiwa Kenya.

Kesi hiyo haikuwa ya likizo. Lakini ikiwa mwajiri ni yule mwenye kazi na mitambo, basi kubadilisha kampuni ya kati hakuwezi kuirudisha kaunta kwenye sifuri. Ndiyo maana inatuhusu.

Kwa wenzangu wa programu mnaoitwa washauri na kukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5: ukiwa kandarasi huru kweli, 21 si yako, na bei yako inafaa ibebe ile asilimia 8.8. Lakini kama una saa za kuingia, bosi mmoja na ruhusa ya kuomba, jina lililo kwenye karatasi halimalizi mjadala. Mahakama hutazama kazi yenyewe.

La mwisho. Sheria inamtaka mwajiri atunze rekodi za likizo, na asipotoa masharti ya ajira yaliyoandikwa, mzigo wa kuthibitisha ni wake. Madai kwa kawaida yana kikomo cha miaka 3. Hata hivyo tunza rekodi yako: tarehe ya kuanza, kila mkataba, kila ujumbe wa malipo ya simu, picha ya daftari la lango. Jedwali dogo kwenye simu linatosha. Babu zetu walivaa kaunta shingoni na hawakuweza kuandika ndani yake. Sisi tunaibeba mfukoni, na kalamu ni yetu.