SANU, chama cha wakimbizi

Hapa Nesitu tukizungumza siasa za nchi hii, kila mtu anaanzia mwaka 1983, Bor, John Garang na SPLA. Ni haki yao, maana vita ile ndiyo iliyoleta bendera. Lakini kabla yake kulikuwa na chama kidogo ambacho sisi Wakongomani tungepaswa kukijua kuliko wengine, kwa sababu kilizaliwa kwetu. Mwezi wa pili mwaka 1962, mjini Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, wakimbizi wachache kutoka kusini mwa Sudan walianzisha chama na kukipa jina refu la Kiingereza. Kwa Kiswahili lingekuwa kama Umoja wa Kitaifa wa Waafrika wa Wilaya Zilizofungwa za Sudan. Jina kama hilo hata kulitamka ni kazi. Mwaka uliofuata, walipokwisha kuhamia Kampala, walilifupisha likawa SANU. TANU, KANU, SANU: enzi zile chama kisichoishia na NU kilionekana kama si chama.

Hayo maneno "wilaya zilizofungwa" yana asili yake. Mwaka 1922 Waingereza, waliokuwa wakiitawala Sudan pamoja na Misri, walitunga sheria ya kufunga wilaya za kusini. Mtu wa kaskazini hakuweza kuingia bila kibali, wala wa kusini kutoka hivi hivi. Ndipo Juni 1947, hapa Juba, wakaita mkutano, na baada yake ikawa wazi kwamba kusini na kaskazini zitakuwa nchi moja. Miaka 25 ya kuwekwa mbali, halafu unaambiwa huyu ni ndugu yako, kaeni nyumba moja, na funguo anazo yeye.

Wanasiasa wa Kusini hawakuomba kutoka nyumbani humo. Waliomba chumba chao. Chama chao cha kwanza, kilichokuja kuitwa Liberal, kilikutana Juba mwezi wa kumi mwaka 1954 chini ya Benjamin Lwoki, na neno lililotoka pale lilikuwa shirikisho: Kusini iwe na serikali yake ndani ya Sudan moja. Agosti 1955 askari wa Torit wakaasi. Desemba mwaka huohuo wabunge wa Kusini walikubali kupigia kura uhuru kwa sababu waliahidiwa kwamba dai la shirikisho litafikiriwa kikamilifu. Neno lenyewe lilikuwa hilo, kufikiriwa. Kamati ya katiba iliundwa, Wakusini ndani yake wakiwa 3 tu. Ikafikiria, ikakataa.

Mwaka 1958 Wakusini walirudi bungeni wakiwa na msimamo huohuo, wakiongozwa na padri Mkatoliki, Saturnino Lohure, Mlatuka wa upande wa Torit. Novemba mwaka huo Jenerali Ibrahim Abboud akapindua serikali, akafunga bunge na vyama vyote. Mwaka 1960 siku ya mapumziko Kusini ikahamishwa kutoka Jumapili hadi Ijumaa, na wanafunzi wakagoma. Mwishoni mwa mwaka huo Padri Saturnino, Joseph Oduho aliyekuwa mwalimu na mbunge, pamoja na wenzao, wakavuka mpaka kuingia Uganda. William Deng Nhial, Mdinka wa Tonj aliyekuwa ofisa wa utawala Kapoeta, alikimbia baada yao. Basi ndio hao waliokutana Léopoldville.

Mara nyingi nawaza walichokiona huko. Mwaka 1962 Congo yetu ilikuwa ndiyo mfano mbaya wa neno lilelile walilolidai. Katanga ya Tshombe ilikuwa bado imejitenga, na majimbo 6 yalikuwa yanaanza kukatwakatwa mpaka yakafika 21. Kiongozi yeyote wa Afrika aliyesikia "shirikisho" aliona Katanga. Wenzetu walidai majimbo katika mwaka ambao majimbo yalikuwa yananuka damu, tena wakidai kutoka mji uleule ulioleta harufu hiyo. Halafu Léopoldville ni mbali mno na Sudan. Barua ilichukua muda, na mtu wa kutoka Yei au Torit angefikaje? Kampala ilikuwa karibu, na wakimbizi wengi walikuwa Uganda. Wakahama.

Kazi ya SANU huko Kampala kubwa ilikuwa karatasi. Waliandika barua kwa Umoja wa Mataifa, kwa marais, kwa makanisa. Mwaka 1963 Oduho na Deng walichapisha London kitabu kidogo juu ya tatizo la Sudan Kusini, na kwa watu wengi wa nje hicho ndicho kilikuwa mara ya kwanza kusoma jambo hili kwa kalamu ya Mkusini mwenyewe. Mwaka huohuo Anyanya, wapiganaji wa msituni, walianza kujulikana kwa jina hilo. Chama kilikuwa na wenye mashine ya taipu na wenye mikuki, na hawakuelewana siku zote. Bunduki nzuri zilikuja baadaye, na tena kwa njia ya Congo: silaha zilizokuwa zikipitishwa huku Kusini kupelekewa Simba wetu waliokuwa wakipigana na Léopoldville mwaka 1964 na 1965, nyingi ziliishia mikononi mwa Anyanya. Wakati huohuo Wakongomani walikuwa wakikimbilia Sudan. Wakimbizi wa pande mbili walipishana njiani, huyu anakwenda alikotoka yule.

Hapa nina neno kwa ndugu zetu wa mashirika. Mnatuambia mkimbizi hafanyi siasa, na kweli imeandikwa: Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, kifungu cha 3, unamkataza mkimbizi kuchokoza nchi nyingine kwa silaha, kwa magazeti au kwa redio. Ninauheshimu, na kwa sababu hiyo mtaona sisemi lolote juu ya serikali yangu hapa. Lakini mjue kwamba nusu ya historia ya nchi hii mnayofanyia kazi iliandikwa na watu waliokuwa na karatasi ya ukimbizi mfukoni.

Sasa nifike penye uchungu. Oktoba 1964 wananchi wa Khartoum walimwangusha Abboud barabarani. Waziri mkuu mpya, Sirr al-Khatim al-Khalifa, alitaka mazungumzo, na William Deng akamwandikia kwamba SANU iko tayari, msingi uwe shirikisho. Mkutano wa Meza ya Duara ulifunguliwa Khartoum tarehe 16 Machi 1965, na watazamaji kutoka Uganda, Kenya, Tanzania na kwingineko. Lakini SANU ilifika imekwisha kugawanyika. Aggrey Jaden, rais mpya wa chama kule Kampala, alisimama akadai Kusini ijitenge, kisha akarudi uhamishoni mazungumzo hayajakwisha. Deng alibaki akidai shirikisho. Kaskazini ilikataa yote mawili, ikatoa serikali ya mkoa yenye madaraka madogo. Mkutano ukaishia kwa kamati ya watu 12.

Kuanzia hapo watu walisema SANU ya ndani na SANU ya nje. Ya nje ilikatika tena na tena, majina mapya kila mwaka, mpaka kuyafuata unachoka. Ya ndani ilikuwa Deng. Aliitwa msaliti na wale walioko Kampala: amekubali kula na watu waliotuchinja. Na Julai 1965, miezi minne tu baada ya mkutano, jeshi liliua raia Juba, kisha Wau. Mtu aliyepotelewa na ndugu wiki ile, utamwambiaje kwamba Deng anafanya jambo la maana kukaa Khartoum?

Mzee mmoja jirani yetu, Mbari, alikulia ukimbizini Uganda na Kiswahili chake ni cha huko. Aliniambia baba yake alikuwa upande wa Jaden, mjomba wake upande wa Deng. Walikula sahani moja miaka yote ile. Ikitajwa Khartoum, mmoja ananyanyuka kwenda kunawa mikono.

Mimi nasimama na mjomba, na najua wengi wenu mtanipinga, kama mnavyobishana hapa kwenye bomba la maji kuhusu wale wenzetu waliorudi nyumbani kugombea viti. Mnasema wamenunuliwa. Huenda wengine wamenunuliwa. Lakini tazameni Deng alifanya nini na nafasi ile. Mwaka 1967, uchaguzi ulipofanyika Kusini katika maeneo yaliyowezekana, SANU ilipata viti 10. Kwa chama cha mkoa, ndani ya nchi iliyo vitani, si kidogo. Akaitumia kuungana na Sadiq al-Mahdi, akizunguka na kusema neno lilelile la mwaka 1954, hadharani, katika mji ambao kulisema kungeweza kumfunga mtu. Aliyeko Kampala alilisema kwa usalama.

Mei 1968, baada ya uchaguzi mwingine, William Deng aliuawa njiani karibu na Cueibet, kati ya Rumbek na Tonj. Watu wa Kusini walilinyooshea kidole jeshi, serikali ilikana. Padri Saturnino alikuwa ametangulia: alipigwa risasi Januari 1967 upande wa Uganda, karibu na mpaka. Mmoja alirudi na mwingine alibaki nje, wote wawili hawakufika.

Mei 1969 Nimeiri alipindua na kuvifuta vyama, SANU ikiwemo. Kisha serikali yake yeye, mwanajeshi, ndiyo iliyotia saini Addis Ababa mwaka 1972 na kuipa Kusini serikali ya mkoa hapa Juba, na sehemu kubwa ya fikra za mkataba ule ilitoka kwenye kazi ya kamati ya watu 12. Upande wa pili mezani ulikuwa wa Joseph Lagu na wapiganaji wake. Vyama havikuwepo. Mwaka 1983 Nimeiri huyohuyo aliivunja serikali ile, akaigawa Kusini mara tatu, na Waekwatoria wengi walishangilia. Wao waliita kokora, neno la Kibari la kugawana. Hiyo ni habari ya peke yake, na haijapoa, kwa hiyo mimi mgeni naiacha.

Oduho aliishi kuliko wote. Alikuwa waziri katika serikali ya mkoa, kisha mwaka 1983 akawa miongoni mwa waanzilishi wa SPLM, kisha SPLM hiyohiyo ikamfunga. Aliuawa Kongor Machi 1993, Wakusini wakipigana wao kwa wao. Jina la SANU lilifufuliwa na watu wengine, na baada ya amani ya 2005 lilionekana tena kwenye orodha ya vyama vidogo vilivyogawiwa viti.

Na lile dai? Nchi hii imekuwa na majimbo 10, kisha 28, kisha 32, na tangu 2020 ni 10 tena. Mkataba wa amani wa 2018 unasema katiba ya kudumu itakuwa ya mfumo wa shirikisho. Katiba hiyo bado haijaandikwa.